Ruhusa ya kubadili IP bila kumpa mtu uadmini: tathmini ya kundi la Network Configuration Operators

Kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva kuu) haimruhusu mtumiaji wa kawaida kugusa anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shida huanza pale fundi anayefunga kamera kwenye ghala karibu na bandari ya Tanga, au afisa anayezungukia mizani za mkonge kati ya Muheza na Korogwe, anapotaka kuiweka kompyuta mpakato yake kwenye anwani nyingine kwa dakika kumi tu. Anapiga simu ofisini Chumbageni, msimamizi yuko kikaoni, na mwisho wa yote jina lake linaingizwa kwenye kundi la Administrators la kompyuta ile "kwa leo tu". Leo hiyo haiishi. Mtu aliyehitaji kubadili namba nne anabaki na uwezo wa kuzima kinga ya virusi na kusakinisha chochote, na kila faili bovu atakalolifungua kwenye barua pepe lina nafasi ya kutumia uwezo huohuo.

Windows ina kitu kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa tangu enzi za XP: kundi la ndani ya kompyuta liitwalo Network Configuration Operators. Halinunuliwi wala halisakinishwi, limo tayari kwenye Windows 10 na 11 Pro. (Toleo la Home tuliache kando, maana halijiungi na domeni.) Tunalipendekeza, lakini kwa watu wachache wanaohesabika, na kwa ofisi inayofuatilia masasisho yake. Kwa ofisi isiyofuatilia masasisho tunasema wazi: bado msilitumie. Sababu ipo huko mbele.

Aliyemo kwenye kundi hili anaweza kubadili anwani ya IP, barakoa ya mtandao, geti (njia ya kutokea nje) na seva za DNS (zinazogeuza majina kuwa anwani). Anaweza kuwasha, kuzima na kubadili jina la muunganisho wa waya, na kutumia `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`. Limo pia jambo moja ambalo wengi hawalijui na huku kwetu lina maana: anaweza kuingiza namba ya PUK kwenye modemu ya laini ya simu iliyojifunga, bila kumsubiri msimamizi. Hawezi kusakinisha draiva ya kadi ya mtandao, hawezi kuiondoa kompyuta kwenye domeni, wala hawezi kuwaongeza wenzake kundini. Kujiunga na Wi-Fi au kujitengenezea muunganisho wake wa VPN hakuhitaji kundi hili kabisa, mtumiaji wa kawaida anaweza. Maombi mengi ya "nipeni ruhusa ya mtandao" huishia hapo.

Sasa mtego wenyewe, ule unaowapotezea wasimamizi siku nzima. Ukifungua Active Directory Users and Computers (programu ya kusimamia watumiaji na kompyuta za domeni) kwenye seva, ndani ya folda ya Builtin utaliona kundi lenye jina lilelile. Msimamizi anafurahi, anamwingiza fundi humo, fundi anatoka na kuingia upya, na hakuna kilichobadilika. Kundi lile la Builtin linahusu domeni kontrola zenyewe tu (seva zinazoendesha domeni), halifiki kwenye kompyuta za watumishi. Baya zaidi, fundi ambaye hakuweza kubadili IP ya kompyuta yake sasa ana ruhusa ya kubadili IP ya seva mama. Kama mmewahi kufanya hivyo, nendeni mkalifungue kundi lile leo na kulisafisha.

Njia sahihi ni kulijaza kundi la ndani la kila kompyuta kwa kutumia Group Policy, yaani sera ambazo seva huzisambaza kwa kompyuta za domeni. Anzeni kwa kuunda kundi la usalama la domeni, aina ya Global, mlipe jina linalojieleza, tuseme Ruhusa-Mtandao. Watu wataingia na kutoka humo. Halafu kwenye Group Policy Management undeni sera mpya na kuiunganisha na OU (folda ya domeni) yenye kompyuta husika. Tunasisitiza OU ya kompyuta, kwa sababu mpangilio huu unakaa upande wa "Computer Configuration". Ukiuunganisha na OU yenye majina ya watumishi tu, hautatekelezwa na hautakuambia kwamba haukutekelezwa. Ndani ya sera fuateni Computer Configuration, Preferences, Control Panel Settings, Local Users and Groups, kisha New na Local Group. "Action" iwe Update. Jina la kundi msiliandike kwa mkono, lichagueni kwenye orodha inayoshuka, lenye maneno "(built-in)" mwishoni. Ukilichagua pale, sera inalitambua kundi kwa namba yake ya utambulisho (SID), S-1-5-32-556, ambayo ni moja duniani kote, badala ya kutegemea tahajia. Chini kwenye Members ongezeni Ruhusa-Mtandao.

Hapohapo kuna visanduku viwili: "Delete all member users" na "Delete all member groups". Kwa kundi la Administrators visanduku hivi vinahitaji tahadhari kubwa, unaweza kujifungia nje. Kwa kundi hili sisi tungevitia alama vyote, ili aliyeingizwa kwa mkono na msimamizi aliyepita aondoke sera inapopita.

Ipo njia ya zamani, Restricted Groups, chini ya Windows Settings na Security Settings. Inafanya kazi, ila ina sehemu mbili zinazofanana sura na zina matokeo tofauti: "Members of this group" hufuta wote waliokuwemo na kuweka wako, "This group is a member of" huongeza tu. Wengi wamewahi kuzichanganya. Tumieni Preferences.

Sera hujisoma upya kila dakika 90, ikiongezewa muda wa kubahatisha hadi dakika 30, hivyo kama hamtaki kusubiri, kwenye kompyuta ya majaribio endesheni `gpupdate /force`, kisha:

`net localgroup "Network Configuration Operators"`

Jina la kundi la domeni likionekana hapo, upande wa kompyuta umekamilika. Upande wa mtumiaji bado. Lazima atoke kabisa kwenye Windows na kuingia upya, kwa sababu orodha ya makundi yake hupangwa wakati wa kuingia. Kufunga kifuniko cha kompyuta mpakato na kukifungua si kutoka. Na aingie akiwa kwenye mtandao wa ofisi, maana akiingia kwa kumbukumbu iliyohifadhiwa, akiwa Pangani bila VPN, kompyuta haitaijua hadhi yake mpya.

Ukitaka uhakika, mtumiaji aendeshe `whoami /groups`. Namba S-1-5-32-556 itakuwemo, na pembeni yake kuna maneno "Group used for deny only". Wengi wakiyaona maneno hayo hudhani sera imegoma na kuanza kubomoa walichojenga. Haijagoma. Windows, kupitia UAC (kinga inayouliza kabla ya kutoa uwezo wa ziada), humpa mwanachama wa kundi hili tokeni mbili, yaani vibali viwili, moja iliyopunguzwa kwa kazi za kila siku na nyingine kamili inayosubiri kuitwa. Unachokiona pale ni ile iliyopunguzwa.

Kwa hiyo matumizi yake yanakuwa hivi: mtumiaji anabonyeza kitufe cha Windows na R, anaandika `ncpa.cpl`, anabonyeza kulia kwenye Ethernet na kuchagua Properties. Dirisha la UAC linatokea likiomba jina na nywila. Hapa watumishi husimama, wakidhani wanaombwa nywila ya msimamizi. Waambieni mapema kwamba wanaandika jina lao wenyewe na nywila yao wenyewe ya domeni, na mlango unafunguka. Msiwafundishe kupitia ukurasa wa Settings. Dirisha hili la zamani ndilo linalokwenda vizuri na kundi hili. Na kama dirisha la UAC halitokei kabisa bali ombi linakataliwa papo hapo, tazameni sera iitwayo "User Account Control: Behavior of the elevation prompt for standard users". Ikiwekwa "Automatically deny elevation requests", kundi zima linakuwa pambo.

Tukae kidogo kwenye DNS, kwa sababu ofisi huumia hapo. Kompyuta ya domeni huipata domeni kontrola kwa kuiuliza DNS. DNS hiyo lazima iwe ile inayoijua domeni, ambayo kwa ofisi nyingi ni seva yenyewe. Mtumishi aliyepewa ruhusa anaona intaneti nzito, anakumbuka ushauri wa jirani, anaandika 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google. Intaneti inafunguka vizuri kabisa. Lakini 8.8.8.8 haiijui seva iliyo chumba cha pili. Asubuhi kompyuta inachukua dakika kadhaa kuingia, diski ya pamoja ina alama nyekundu, printa ya kwenye seva haionekani, na `gpupdate` inalalamika kwamba haikuipata domeni kontrola. Mtumishi mwenyewe bado anaingia kwa nywila yake, kwa sababu Windows huhifadhi kumbukumbu za waingiaji kumi wa mwisho, kwa hiyo haamini kwamba tatizo ni kompyuta yake. Analaumiwa mtu wa seva.

Kuweka seva ya ofisi kwanza na 8.8.8.8 ya pili si suluhisho. Seva ikichelewa kujibu, Windows huhamia kwa ya pili na kuendelea kuiuliza hiyo kwa muda, na unapata kompyuta inayougua na kupona yenyewe, ugonjwa mgumu kuliko ule wa kudumu. Kwenye kadi za watumishi ziwekwe seva za domeni tu; maswali ya nje seva ya DNS itayapeleka yenyewe kupitia forwarders (seva za nje inazoelekezewa).

Tazameni pia jinsi watu wanavyorudisha mipangilio. Kwenye dirisha la IPv4 kuna vidoti viwili vya juu vya anwani na viwili vya chini vya DNS. Fundi akimaliza kazi anabonyeza "Obtain an IP address automatically", namba za juu zinafifia, anabonyeza OK, anaondoka. Vidoti vya chini havikufuata. Kompyuta imerudi kwenye anwani ya ofisi, DNS imebaki ile ya ugenini.

Dawa yake ni kumwondolea kazi ya kubonyeza. Mtengenezeeni mafaili mawili ya amri. La kwanza, mathalani RUTA.cmd, kwa ruta ya MikroTik ambayo ikitoka kwenye boksi husubiri kwenye 192.168.88.1:

`netsh interface ipv4 set address name="Ethernet" source=static address=192.168.88.10 mask=255.255.255.0`

Geti hatukuiweka makusudi, kwa kazi ya kifaa kimoja mezani haihitajiki. La pili, RUDISHA.cmd, lina mistari miwili na wa pili ndio unaosahaulika:

`netsh interface ipv4 set address name="Ethernet" source=dhcp`
`netsh interface ipv4 set dnsservers name="Ethernet" source=dhcp`

Antena za Ubiquiti za airMAX hutoka kiwandani na 192.168.1.20, kwa hizo tengenezeni faili jingine. Fundi anabonyeza kulia, anachagua Run as administrator, anaandika nywila yake. Mafaili yakae ndani ya Program Files. Yasikae kwenye folda mpya iliyoundwa juu ya C: moja kwa moja, kwa sababu folda ya hapo hurithi ruhusa ya kila aliyeingia kuandika, na faili linaloendeshwa kwa uwezo wa ziada halifai kuhaririwa na kila mtu. Hakikisheni pia jina la kadi: kompyuta inayotumia adapta ya USB inaweza kuwa na "Ethernet 2" au "Ethernet 5", na amri itagoma.

Udhaifu mkubwa wa kundi hili ni kwamba halina kipimo. Huwezi kusema huyu aruhusiwe kutumia .10 hadi .20 tu. Aliyemo anaweza kuandika anwani yoyote, hata ya geti, na akiandika ya geti ofisi nzima inaweza kupoteza intaneti hadi waya wake uchomolewe. Kwa hiyo kwenye seva ya DHCP (inayogawa anwani yenyewe) tengeni kipande kidogo kisichogawiwa, tuseme .2 hadi .30, mkiandike kwenye karatasi nani ana ipi, na mafundi wabaki humo. Anayejichagulia anwani iliyomo kwenye bwawa la DHCP atafanya kazi vizuri leo, kesho anwani ileile apewe mwingine, na mmoja wao aishie na anwani ya 169.254, isiyofika popote, huku hajui kwa nini. Wenye swichi za kusimamiwa wawashe DHCP snooping na ulinzi wa ARP, vinavyozuia anwani za kughushi. Wenye swichi za kawaida, ambao ndio wengi, wategemee karatasi na uchache wa watu.

Sasa ile sababu ya masasisho. Tarehe 14 Januari 2025 Microsoft ilitoa marekebisho ya udhaifu CVE-2025-21293, uliopewa alama 8.8 kati ya 10, na udhaifu huo ulikuwa kwenye kundi hili hili. Lilikuwa na ruhusa ya kuunda funguo ndogo kwenye rejista chini ya huduma za Dnscache na NetBT. Mwanachama aliyejua mbinu aliweza kusajili pale faili lake la DLL kama kipima utendaji, kisha mfumo ulipokuja kusoma vipimo ukaliendesha kwa uwezo wa SYSTEM, ulio juu ya Administrators. Yaani ufunguo mdogo uligeuka kuwa ufunguo wa nyumba nzima. Fungueni `winver`: Windows 10 22H2 isiwe chini ya 19045.5371, na Windows 11 24H2 isiwe chini ya 26100.2894. Masasisho ya Windows hubeba yaliyotangulia, hivyo lolote la baadaye linatosha. Kompyuta zilizokaa matawini kwa modemu yenye bando dogo, na masasisho yamezimwa ili bando lisiishe, ndizo za kuangaliwa kwanza. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, litieni hilo maanani pia.

Kabla ya kumwingiza mtu yeyote, ulizeni anataka nini hasa. Anayetaka kompyuta yake iwe na anwani isiyobadilika ofisini hahitaji ruhusa. Mwekeeni reservation (anwani aliyotengewa) kwenye DHCP kwa namba ya MAC, utambulisho wa kadi yake. Anayehama kati ya ofisi yenye DHCP na kituo kisicho nayo mwekeeni, mara moja tu, kichupo cha "Alternate Configuration" kwenye dirisha la IPv4: DHCP ikikosekana, kompyuta huchukua anwani mliyoiandika, ikirudi ofisini hurudi yenyewe. Anayehitaji kupata anwani mpya baada ya umeme kukatika na ruta kuwaka upya achomoe waya na kuuchomeka, inatosha. Na fundi anayegusa aina moja tu ya kifaa kila siku anaweza kubaki kwenye DHCP na kupewa anwani ya pili juu yake, jambo linalowezekana tangu Windows 10 toleo la 1703. Msimamizi anaendesha mara moja:

`netsh interface ipv4 set interface interface="Ethernet" dhcpstaticipcoexistence=enabled`
`netsh interface ipv4 add address "Ethernet" 192.168.88.10 255.255.255.0`

Baada ya hapo fundi hana haja ya ruhusa wala ya kukumbuka kurudisha kitu. Kwetu hii ndiyo njia nzuri kuliko zote pale inapofaa, na inasikitisha kwamba imefichwa kwenye amri badala ya kuwekwa kwenye dirisha. Wakibaki wanaohitaji uadmini kamili mara mojamoja, tumieni Windows LAPS, iliyoingizwa ndani ya Windows kwa sasisho la Aprili 2023: kila kompyuta inakuwa na nywila yake ya msimamizi, na inabadilishwa ikishatumika.

Tanga husemwa waja leo waondoka leo, na ruhusa ya mkandarasi ingefaa iwe hivyo. Active Directory ya kiwango cha 2016 inaweza kumpa mtu uanachama wenye saa yake: mkishawasha kipengele cha Privileged Access Management (fikirini kwanza, kikiwashwa hakizimwi), amri hii inamwingiza na kumtoa yenyewe baada ya siku tatu:

`Add-ADGroupMember -Identity "Ruhusa-Mtandao" -Members fundi.kamera -MemberTimeToLive (New-TimeSpan -Days 3)`

Wasio na kiwango hicho waandike tarehe ya kumtoa kwenye kalenda ya ofisi, na wawe wanapitia orodha kila mwanzo wa mwezi. Mtu akiongezwa kwa mkono kwenye kundi la ndani la kompyuta, kumbukumbu ya Security huandika tukio namba 4732, na akitolewa 4733, mradi ukaguzi wa makundi umewashwa.

Siku mtakayoamua kuachana na mpango huu wote, msikimbilie kufuta sera. Mipangilio ya Preferences hubaki kwenye kompyuta hata sera ikiondoka, na Ruhusa-Mtandao itaendelea kukaa ndani ya kila mashine. Watoeni watu kwanza kwenye kundi la domeni. Kisha badilisheni mstari wa Ruhusa-Mtandao ndani ya sera kutoka "Add to this group" kwenda "Remove from this group", subirini hadi kompyuta za Lushoto na Handeni nazo zipite kwenye mtandao wa ofisi, hakikisheni kwa `net localgroup`, ndipo sera ifutwe.